Eda ya Mume Aliye Hai

"Maiti imeopolewa," alisema Tom. "Mto Nile umeitapika."

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji, na najua wengine wenu mlilitupa gazeti kwa hasira. Liokoteni. Tom bado amesimama mlangoni.

Alisimama kwenye kizingiti cha nyumba ya Bi Hadijah, mjini Tororo, miwani nyeusi usoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Mtu wa usalama katika miaka ile ya jeshi hakupiga hodi popote. Lakini hata yeye hakulivuka pazia lililoigawa sebule. Nyuma ya pazia lile alikaa mwanamke wa eda, na mwanamume wa kando hana ruhusa ya kumwona mjane.

Mjane mwenyewe ni Rehemah. Na Rehemah hakuwa mjane.

Kwa anayeingia leo, nasema haraka. Mume wa Rehemah ni Dauda, mtoto wa Bi Hadijah, msafirishaji mwenye malori mawili ya kubeba pamba. Chini ya pamba Dauda alivusha watu waliotafutwa na jeshi: leo mwalimu, kesho padri. Serikali, kabla haijajua, ilimtia yeye na mkewe katika msafara wa wafanyabiashara waliopelekwa Misri kujenga urafiki. Wenyeji waliwapakia, pamoja na Tom aliyetumwa kuwachunga, kwenye meli ya watalii, wakawapandisha mto kutoka Luxor kwenda Aswan, hekalu baada ya hekalu. Humo melini mwenzao mmoja akamnong'oneza Dauda: umeshatajwa, ukishuka Entebbe unachukuliwa.

Dauda hakushuka Entebbe. Alfajiri moja, meli ikiwa imefungwa chini ya hekalu la Kom Ombo, alikwenda ukingoni na birika la kutawadhia. Akaacha birika, akaacha ndara, akaondoka miguu mitupu. Rehemah akapiga yowe kwamba mumewe ameteleza, amezama.

Kwa mpango wao, Dauda angefika Nairobi kwa msaada wa rafiki, kisha Busia, upande wa Kenya, amngoje mkewe kwa Muhamadi, mnunuzi wa ngozi. Rehemah angerudi na msafara, alie siku chache, kisha avuke Busia kama mama yeyote wa sokoni.

Walivihesabu vizuizi vyote vya jeshi. Kimoja tu walikisahau, nacho si cha jeshi: mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume hatoki nje. Miezi minne na siku kumi! Walikaa melini wakipanga jinsi Dauda atakavyokufa, na hakuna aliyekumbuka kwamba mwenye kufiwa hufungiwa ndani.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu ya eda. Tom alikuwa mlangoni, na alikuwa na maiti.

"Maiti gani?" Bi Hadijah aliinuka kwenye mkeka. "Mwanangu kaliwa na mamba. Mjini kote wanajua."

"Mama, mimi nilikuwa kwa meli ile," Tom alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Mamba wa kule ni wale wamekaushwa, wamelala ndani ya hekalu kama samaki wa sokoni. Wa kuishi hakuna. Walifunga mto kwa bwawa, mamba wakabaki juu. Mimi nimeuliza."

Nyuma ya pazia, Rehemah alikaza vidole.

"Sasa wanataka alama," Tom aliendelea. "Wajue ni yeye, wazike. Mtoto wako alikuwa na alama gani?"

Nyamaza, Mama, Rehemah aliomba moyoni. Lakini mama mwenye kutafuta mwanawe hanyamazi.

"Kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Feni ya lori ilikikata."

Tom alishusha pumzi polepole.

"Ehe," akasema. "Maiti haina kidole hicho."

Bi Hadijah alianguka chini kama gunia. Wanawake wa matanga wakamrukia na maji na upepo wa kanga. Na nyuma ya pazia sauti ikatoka ambayo Rehemah mwenyewe hakuijua kuwa ni yake. Haikuwa na maneno. Ilitoka tumboni, ikapasua nyumba, ikatoka hadi barabarani, na waendesha baiskeli wakasimama.

Maana alikuwa amemwacha Dauda hai. Nani amemuua njiani? Mwenye gari aliyelipwa kumchukua? Mto wenyewe? Je, uongo wake umesikika huko juu ukajibiwa?

Wanawake walikuwa bado wanamhangaikia Bi Hadijah, Rehemah alipoiona ncha ya kiatu chini ya pazia. Tom alikuwa amesogea. Alisema chini chini, kama mtu anayeuliza njia:

"Hakuna maiti, mama."

Rehemah akanyamaza ghafla.

"Kidole amesema mama mkwe wako. Mimi nimeitikia tu." Kiatu hakikusogea. "Siku ile kwa meli ulilia vizuri sana. Ulilia kama redio. Leo umelia kama mtu. Sasa niambie, mwanamke amefiwa wiki tatu, habari ya leo inamshtua nini?"

Rehemah aliuma ncha ya nguo yake nyeupe ya eda.

"Sikukamati. Mimi nitangoja tu. Moyo umekushika, utakwenda kwake. Na mimi nakwenda nyuma yako."

Kiatu kikaondoka. Nje, mlango wa gari ukabamizwa.

Hiyo ndiyo nchi tuliyokuwa nayo, msomaji. Mwanamke aliwindwa kwa kilio chake mwenyewe.

*

Bi Hadijah alizinduka, akalazwa. Baadhi ya wanawake waliondoka mbio, maana walikuwa na biashara Busia, na habari ya msiba uliofufuka haikai mkobani. Waliobaki walimzunguka Rehemah. Mkuu wao alikuwa Hajarah, dada yake Dauda, mlinzi wa eda kuliko shehe.

"Nani kaleta sabuni hii humu?" Hajarah alifoka. "Mnataka mjane wa kaka yangu anukie kama bibi harusi?"

"Ni ya kufulia, dada."

"Ya kufulia haina waridi. Toa! Na dirisha lifungwe, barabarani kuna wanaume."

"Barabarani kuna wanaume kila siku, Hajarah. Wewe mwenyewe unawajua kwa majina."

Wakacheka huku wameziba midomo kwa kanga, kwa kuwa ni matangani. Hajarah akawapiga jicho, kisha akageuka na kumshika Rehemah bega kwa upole wa kweli.

"Lia, wifi. Leo umelia vizuri. Nilikuwa nimeanza kukuogopa."

Rehemah aliinamisha kichwa. Alizungukwa na wanawake pande zote, magoti yao yakigusa magoti yake, na katika maisha yake hakuwahi kuwa peke yake namna ile. Kila aliyemfariji alimfariji mtu mwingine, mjane fulani asiyekuwepo. Akafumba macho, akarudi Kom Ombo.

Hekalu lile lina milango miwili, bega kwa bega, inayoutazama mto. Mwongozaji alieleza kwamba humo waliabudiwa miungu wawili, mmoja wa mamba na mmoja wa mwewe, na kila mmoja alitaka mlango wake. Wafanyabiashara wa Uganda walipiga miayo. Mmoja aliuliza kama huko ndani wanachoma nyama. Tom alisimama juani akiitazama milango miwili kwa macho yake mawili, akashindwa kuchagua wa kulinda.

Ndani mlikuwa na ubaridi. Nguzo zilikuwa nene kuliko lori. Dauda alimvuta mkewe hadi penye ukuta ambapo wanaume walikuwa wamechongwa mstari mmoja, mikono imefungwa nyuma, kamba kutoka shingo hadi shingo.

"Waone hawa," Dauda alisema.

"Nani kawafunga?"

"Mfalme. Kila hekalu tuliloingia kajichora mwenyewe mkubwa kama mwamba wa Tororo, na watu wamo mkononi mwake kama panzi."

"Sasa yuko wapi?"

"Wamemkausha."

Rehemah alicheka, na kicheko kikapanda darini kati ya nguzo kikawarudia. Alikuwa bado anacheka Dauda alipomwambia kwamba ni kesho, alfajiri.

"Na mama?" Rehemah aliuliza. "Nimwambie nini mama?"

"Usimwambie. Mama hajui kudanganya. Ukimwambia, mtaa wote utaisoma habari usoni mwake. Vumilia. Siku chache tu."

Siku chache! Asubuhi iliyofuata walimkuta Rehemah ukingoni anapiga yowe. Askari wa Kimisri walizamia, wakatoka na matope. Kisha meli ikang'oa nanga, kwa sababu ziara ilikuwa imepangwa na wageni wa serikali hawarudishwi nyuma. Walimpeleka hadi Aswan. Mhudumu wa mezani, ambaye hakuwa ameambiwa, aliendelea kuweka sahani mbili mbele yake, na Rehemah hakuwa na Kiarabu cha kumkataza. Alikula akiitazama ile ya pili.

Katika hekalu la mwisho kulikuwa na mfalme na malkia wa jiwe wameketi kiti kimoja. Mkono wa malkia ulipita nyuma, ukamshika mumewe kiunoni. Pua zao zilikuwa zimeliwa na upepo, lakini mkono ulikuwa bado pale. Wenzake walipiga picha, wakaenda kutafuta kivuli. Rehemah alibaki. Alimwonea wivu mwanamke wa jiwe.

*

"Fungua kinywa. Uji."

Ilikuwa sauti ya Bi Hadijah. Rehemah alifumbua macho. Jua lilikuwa limegeuka na wanawake walikuwa wametoka nje kuswali. Mama mkwe wake, aliyebebwa asubuhi kama maiti, alikuwa amepiga magoti mbele yake na bakuli mkononi, macho yamevimba.

"Kunywa. Sitaki kuzika wawili."

Rehemah aliutazama ule mkono. Wiki tatu mkono ule ulikuwa umemlisha, umemsuka, umemfunika. Tom alikuwa ameshajua. Kwa nini mtesi ajue na mama asijue?

"Mama, funga mlango."

"Umefungwa."

"Mama, Dauda hakuzama."

Bakuli halikuanguka. Bi Hadijah aliliweka chini taratibu, akajifuta mikono, kisha akamzaba mkwewe kofi lililomwangusha ubavu.

"Rudia."

"Hakuzama. Alitoroka. Jeshi lilikuwa linamngoja Entebbe. Yuko Busia, upande wa Kenya, kwa Muhamadi wa ngozi. Ananingoja. Yule Tom amedanganya, hakuna maiti, alitaka kusikia nitaliaje."

"Wiki tatu," alisema Bi Hadijah. "Wiki tatu nakuona unaokota punje za wali kama kuku mgonjwa, nasema maskini mtoto, huba imemuua. Nimemswalia mwanangu swala ya maiti ya mbali. Nimewaambia watu kafa shahidi, kafa na udhu wake. Nimejivuna, Rehemah! Nimejivunia kifo chake!"

"Nisamehe, Mama."

"Kimya."

Bi Hadijah aliitazama kanga waliyofunikia kioo kwa ajili ya msiba. Halafu uso wake ukaanza kuvunjika, taratibu, kutoka mdomoni kwenda juu.

"Anakula?" akauliza.

"Sijui, Mama."

"Yule hawezi mchele wa watu. Tumbo lake tangu mdogo." Akajishika kichwa. Kicheko kikamtoka, akakiziba kwa mkono, kikageuka kilio, na mtu wa nje asingejua tofauti. Dauda alikuwa amemkosea mama yake. Bi Hadijah alijua kudanganya.

"Tom ameweka mtu dukani, ng'ambo ya barabara, nimemwona kwa ufa wa dirisha," Rehemah alisema. "Nikitoka wananifuata hadi kwa Dauda. Nisipotoka, Dauda atachoka kungoja, atafanya jambo."

"Mtu wa dukani amekuona?"

"Hajaniona. Niko eda. Hakuna mwanamume aliyeniona tangu tulipotoka uwanja wa ndege."

Bi Hadijah aliinua kichwa. Wakatazamana. Wazo lile liliingia chumbani kwa wote wawili kwa pamoja.

"Vua," Bi Hadijah alisema.

"Mama?"

"Hizo nyeupe. Vua. Nitakaa mimi. Eda ya baba yake Dauda niliikaa chumba hikihiki, kazi hii naijua kuliko wewe. Pazia ni lilelile. Akija huyo mwenye miwani, nitakohoa na kulia. Akitaka kufunua, nitawaita wanawake wote wa Tororo, waje wamwone mwanamume anayefunua mjane."

"Na Hajarah?"

"Kesho asubuhi namtuma Malaba atafute sukari. Sukari haipo. Atazunguka kutwa."

Asubuhi iliyofuata, mwanamke wa makamo aliyejitanda kanga za Bi Hadijah, mwenye mkoba wa Bi Hadijah na mwendo wa Bi Hadijah wa kuburuta mguu wa kulia, alitoka uani akiguna. Kijana wa dukani alimtazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," bibi aliguna, akapita.

Maneno ya mwisho ya mama mkwe yalikuwa bado yanamlia sikioni: "Mwambie asithubutu kurudi. Hata akisikia nimekufa. Mwambie nimesema mimi."

*

Lori la mihogo mikavu lilimshusha Rehemah Bulumbi, kabla ya kizuizi cha kuingia Busia. Hapo alimtafuta Fabiano, utingo wa zamani wa lori la Dauda, ambaye sasa alibeba watu kwa baiskeli kati ya mpaka na mpaka.

"Mama Hadijah, karibu!" Fabiano alipiga goti, kisha akainua macho. "Yesu! Mama Hadijah siyo. Wewe si nakaa eda?"

"Nimetoka."

"Eda ya siku hizi nakwisha wiki tatu?"

"Fabiano, endesha."

"Mimi naendesha. Mimi nauliza tu, nisije kufa na dhambi ya mwingine." Alilipangusa karia la nyuma kwa mkono wa shati. "Kaa upande. Shika kiti, usinishike mimi, Taaka, bibi yangu, iko na wivu na macho yake nafika mbali."

Walikwenda kwa njia za nyuma, kati ya mihogo na mtama, baiskeli ikilia kama ndege. Fabiano alitania kilima hadi kilima. Kisha akaacha kutania.

"Bibi ya bosi, kitu moja. Tangu jana jioni askari kwa rodibuloki zote nauliza mtu jina Dauda. Nilisema, huyo maji ilikunywa, iko wapi tena? Walinipiga kofi. Sasa mtu wa kufa, wanamtafutia nini?"

Rehemah alikaza mkono kwenye kiti. Tom hakuwa amelala.

"Endesha," alisema.

Mpaka wenyewe ni mtaro. Upande huu maganda ya ndizi ya Uganda, upande ule maganda ya ndizi ya Kenya, maji machafu yaleyale katikati. Nyuma ya vibanda vya soko akina mama walikuwa wanavuka na matenga vichwani, wakiitana kwa Kisamia, na hakuna aliyemwangalia mwanamke mwingine mmoja. Fabiano alibeba baiskeli begani. Rehemah aliinua kanga, akaruka.

Alikuwa Kenya.

Aliwahi kudhani kwamba siku hiyo atalia, au ataanguka chini ashukuru. Lakini hapakuwa na lolote. Duka lilikuwa na sukari. Redio iliimba. Watu walimpita kulia na kushoto, wala hakuna aliyejua jina lake, na Fabiano, baada ya kumwonyesha mlango wa Muhamadi, alikuwa ameshapata abiria mwingine na kutokomea.

Ghala la Muhamadi lilinuka chumvi na ngozi mbichi. Mwenyewe, mzee mnene wa kofia ya kitambaa, alikuwa ameketi juu ya rundo la ngozi. Alipomwona alisimama, na rangi ikamtoka.

"Rehemah? Wewe si uko ndani?"

"Yuko wapi, Mzee Muhamadi?"

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Sikai. Nimekaa wiki tatu. Yuko wapi?"

Muhamadi alitazama sakafu.

"Jana jioni walivuka wanawake wa soko na habari kutoka Tororo. Wanasema mama yake ameangushwa na habari ya maiti, amelala, hatambui mtu, hafiki Ijumaa."

"Uongo! Mama yuko mzima! Amenipiga kofi jana, shavu hili hapa!"

"Ningejuaje? Nilimshika kwa mikono yangu hii miwili. Akaniambia, 'Mama anakufa kwa sababu yangu, na mimi nakunywa chai.' Usiku kucha hakulala. Nimemwambia ni mtego. Akasema hata kama ni mtego, mama ni mama."

Rehemah aliona kikombe sakafuni. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke.

Hakuuliza tena. Alitoka mbio, mkoba ukamwanguka mlangoni na hakurudi kuuokota. Akapita vibanda, akapita wauza dagaa, akamkumba mama wa nyanya aliyemtukana hadi ukoo wake wa tatu. Akafika mtaroni.

Alimwona.

Alikuwa ameshavuka. Ng'ambo ya mtaro, mwanamume mrefu mwenye mzigo wa ngozi kichwani alikuwa anapanda kijinjia kuelekea barabara ya Tororo. Uso hakuuona, na hakuuhitaji. Mke anaujua mgongo wa mumewe: bega la kushoto chini kidogo, hatua ndefu za mtu aliyezoea kupanda lori. Mbele yake, pale kijinjia kinapoingia barabarani, palikuwa na kizuizi. Askari wawili walikaa chini ya paa la mabati. Hawakuwa wamemtazama. Walikuwa wanakula miwa. Mchukuzi wa ngozi ni mchukuzi wa ngozi, na kama Mungu angependa, wangemwacha apite.

Apite kwenda wapi? Kwenye nyumba ambayo Tom anailinda. Kwenye pazia ambalo nyuma yake mama yake amekaa, mzima kabisa, anakohoa kwa ajili ya watu wengine.

Rehemah akaruka mtaro. Mguu ukazama kwenye matope hadi gotini. Alipouchomoa, Dauda alikuwa mbali zaidi. Asingemfikia.

Angeweza kumwita. Lakini jina lile, tangu jana, lilikuwa masikioni mwa kila askari wa mpaka. Akiliita, analikabidhi kwao. Asipoliita, Dauda atapita kizuizi salama na kutembea kwa miguu yake mwenyewe hadi mkononi mwa Tom, na yeye Rehemah atakuwa mjane wa kweli, bila mtu hata mmoja wa kumwamini.

Mama wa nyanya alikuwa bado anatukana. Dauda alihamisha mzigo kichwani. Hatua nyingine. Nyingine.

Rehemah alivuta pumzi.

"Dauda!"

Soko lilinyamaza pande zote mbili za mtaro.

Huko juu kwenye kijinjia wakageuka watu wawili. Wa kwanza alikuwa mumewe, na mzigo ulikuwa umeshamponyoka.

Wa pili alikuwa askari, na bunduki ilikuwa imeshatoka begani.